Shajara ya klabu ya lishe shuleni, Kyaka II: kilichofaulu, kilichoshindikana na gharama zake

14 Februari 2025: Mpango na mfuko

Klabu hii hukutana kila Ijumaa mchana katika shule ya msingi iliyo kando ya makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilayani Kyegegwa, magharibi mwa Uganda, ambako watoto wa wenyeji na wale waliotoka Kongo huketi dawati moja na kuelewana kwa Kiswahili. Wanachama ni wa darasa la nne hadi la sita. Hatua zake zinaandikwa hapa kila moja inapokamilika, ili mwalimu au mzazi anayetaka kuanzisha kitu kama hiki asilipie mara ya pili makosa ambayo sisi tumekwisha kuyalipia.

Mgeni anayepita Kyegegwa anaweza kujiuliza somo la lishe linatafuta nini katika nchi ya matoke, mahindi na maharagwe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na katika eneo la Tooro, ambamo wilaya yetu imo, kiwango kilifika takriban asilimia 41, kikiwa cha juu kuliko maeneo yote mengine ya nchi. Upungufu wa damu ulikuwa umewapata zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo kitaifa. Tatizo, kwa hiyo, haliko katika wingi wa chakula peke yake, kwa sababu tumbo linaweza kujazwa matoke au muhogo kila siku na mwili ukabaki unadai protini, madini ya chuma na vitamini. Wanafunzi wetu wamekwisha kuupita umri huo wa kupimwa, lakini ndio wanaowabeba wadogo zao mgongoni na kuwapakulia chakula mama anapokuwa shambani.

Shule haitoi chakula cha mchana. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inawaachia wazazi jukumu la kumlisha mwanafunzi, na wazazi wengi hapa wanaishi kwa kibarua. Mfuko wa kuanzia ni shilingi 180,000 zilizochangwa na walimu pamoja na kamati ya wazazi.

28 Februari: Bango na daftari la uongo

Tulianza na makundi matatu ambayo kila mwalimu wa Uganda anayajua: chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili na chakula cha kulinda mwili. Tulinunua bango la rangi kwa shilingi 35,000, na katika wiki mbili watoto waliweza kuyakariri makundi yote bila kukosea. Hapo ndipo tulipodanganyika. Tulipowaomba waandike daftarini walichokula siku iliyotangulia, kila ukurasa ulijaa nyama, maziwa na mayai, hata wa mtoto aliyekuwa akisinzia kwa njaa huku akiandika. Walikuwa wameelewa vizuri kabisa jibu ambalo mwalimu alilitaka.

Marekebisho yalikuwa ya bei rahisi. Makopo manne yalipangwa nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni mwa stoo, na kila kopo likabandikwa picha: kikombe cha chai ya rangi, bakuli la uji, sahani ya kiporo, na sahani tupu. Kila mtoto aliingia peke yake na punje moja ya hindi, akaitumbukiza katika kopo la kile alichokula asubuhi hiyo kabla ya kuja shule, akatoka upande wa pili. Hakuna jina lililoandikwa wala mtu aliyechungulia. Kopo la sahani tupu na lile la chai yalizidi mengine kwa mbali. Kwa yeyote anayeiga kazi hii, ushauri wetu ni kwamba aanze na makopo na bango alisahau. Lile bango lilionyesha jibini na matofaa ambayo hayauzwi hapa kwetu Bujubuli, na halikuonyesha sombe (majani ya muhogo) wala dodo (mchicha), kana kwamba vyakula hivyo havihesabiwi kuwa chakula.

7 Machi: Mtoto ana uwezo juu ya nini?

Baada ya makopo, mpango mzima uliandikwa upya. Mtoto wa miaka kumi haamui kama nyumbani kutanunuliwa mayai, na kumfundisha umuhimu wa mayai ni kumpa deni asiloweza kulilipa. Tulikaa na watoto tukaorodhesha mambo ambayo wao wenyewe huyafanya bila kuomba ruhusa: kutumia sarafu wanayopewa mara mojamoja, kuchuma mapera na maembe njiani wanapokwenda kutafuta kuni au maji, kupakulia wadogo, kunawa au kutonawa mikono, na kupanda kitu kidogo kando ya nyumba. Mada yoyote isiyogusa jambo mojawapo kati ya hayo iliondolewa. Tulifuta somo la maziwa, na pia zoezi la kupima uzito darasani, ambalo siku ile moja lilipofanyika lilizaa majina ya utani kabla kengele haijalia. Mtoto anayetutia wasiwasi sasa tunamwelekeza kimyakimya kwa mhudumu wa afya wa kijiji.

28 Machi: Shilingi mia mbili langoni

Langoni mwa shule huuzwa mandazi, kabalagala (vitafunio vya kukaanga vya ndizi na unga wa muhogo), karanga, miwa, ndizi ndogo tamu, na barafu ya rangi iliyofungwa katika mrija wa plastiki, ambayo ni maji, sukari na rangi tu. Hatua ya kwanza ya uongozi wa shule ilikuwa kuipiga marufuku barafu. Ilihamia nyuma ya choo cha wavulana, ikapanda bei, na kwa kuwa sasa ilikuwa haramu ikapendwa zaidi.

Hatua ya pili ilikuwa onyesho la sukari. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban gramu 32, yaani karibu vijiko vinane vya chai, nasi tulivipima kimoja baada ya kingine katika glasi safi mbele ya darasa, tukitarajia mshtuko. Watoto walishangilia. Mmoja alieleza kwa hesabu isiyo na kosa kwamba soda basi ni nafuu, maana unapata vijiko vinane vya sukari na bado kuna maji, na wenzake wakaomba kulamba glasi. Onyesho hilo liligharimu shilingi 5,000, nasi hatulipendekezi kwa shule ambayo watoto wake hawapati sukari ya kutosha kuichoka.

Kilichofaulu kilitokana na njaa yenyewe. Kwa wiki mbili klabu ilinunua karanga na ndizi za shilingi 14,000. Kikundi kimoja kilikula karanga za kukaanga za shilingi mia mbili wakati wa mapumziko ya saa nne na nusu, kingine ndizi mbili, na cha tatu kikatumia sarafu yake kwa barafu kama kawaida, kisha siku iliyofuata vikabadilishana. Kila mtoto aliweka alama ya chaki ukutani pale tumbo lilipoanza kumsumbua tena: kabla ya kipindi cha saa tano na nusu, baada yake, au baada ya kengele ya saa saba. Alama za barafu zilijikusanya mwanzoni, za ndizi zikatawanyika, za karanga zikaenda mbali. Ukuta ule ulisomwa na shule nzima, wakiwemo wasio wanachama, na hakuna mwalimu aliyelazimika kueleza kwamba mafuta na protini huchelewa tumboni.

Wauzaji nao walihitaji kusikilizwa. Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, ndizi ikilala kwangu inaniozea, andazi linalala na kesho linauzwa." Tulikubaliana naye kwamba klabu imwambie Alhamisi idadi ya watoto wanaotaka ndizi Ijumaa, ili asibaki na mzigo. Barafu bado inauzwa, lakini hainunuliwi kama zamani.

25 Aprili: Maji, sabuni na kunguru

Vibuyu chirizi sita vya kunawia mikono vilitengenezwa kwa majerikeni yaliyotumika ya lita 5. Tundu hutobolewa kwa msumari uliochomwa moto, kamba ikafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, na kazi yote ikaisha kwa mchana mmoja kwa shilingi 15,000. Matatizo yalikuwa mawili. Nguzo zililiwa na mchwa kabla muhula haujafika katikati, tukazibadilisha kwa matawi mabichi ya mti unaochipuka, ambayo sasa yametoa majani. Sabuni ya kipande, kwa upande wake, haikudumu hata siku moja: vipande viwili viliibwa na cha tatu kilichukuliwa na kunguru mbele ya macho ya watoto, jambo lililovunja kipindi kizima kwa kicheko.

Dawa yake ni maji ya sabuni. Gramu 30 za sabuni ya unga huchanganywa na lita moja na nusu ya maji katika chupa ya plastiki, kifuniko kikatobolewa, na chupa ikafungwa kwa kamba kwenye nguzo. Hakuna anayeiba maji ya sabuni. Unga wa mwaka mzima tumeukadiria kuwa shilingi 24,000.

Mwezi huu pia ndio wa kampeni ya afya ya watoto ya Aprili, inayorudiwa Oktoba, ambapo wenye umri wa mwaka 1 hadi 14 hupewa dawa ya minyoo na wadogo wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A. Wanachama walitumwa kuwakumbusha wazazi wao siku ya zoezi kuhusu wadogo waliobaki nyumbani. Kumkumbusha mzazi hakuhitaji fedha, na mtoto analiweza.

13 Juni: Dodo lisiloota na viazi vya rangi ya chungwa

Bustani ya kwanza ilikufa. Mbegu za dodo ni ndogo sana, kama punje za mchanga, na watoto walizifukia kwa kina cha kidole kama wanavyofanya kwa mahindi, hivyo nyingi hazikuota. Zilizoota ziliachwa bila mtu likizo ya Mei ilipoingia, zikamalizwa na mbuzi. Mara ya pili tulichanganya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, tukaumwaga mchanganyiko huo katika mistari, tukafunika kwa udongo mwembamba sana na kutandaza nyasi kavu hadi miche ilipochomoza. Majani ya kwanza yalichumwa kabla ya mwezi kwisha. Mbegu za mara zote mbili ni shilingi 12,000. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba bustani ya shule imebaki ya kujifunzia tu, na bustani za kula ziko nyumbani, katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi mlangoni kabisa, mahali ambapo mbuzi anaonekana na maji ya kuoshea vyombo humwagwa bila safari.

Kwa wanaotaka zaidi ya mboga tulileta marando (mashina ya kupandia) ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambayo bodaboda iliyatoza shilingi 15,000. Aina za Kabode na Vita ziliidhinishwa Uganda mwaka 2007, na Robert Mwanga, mtafiti Mganda aliyejitolea miaka mingi kwa viazi hivi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Watoto walipenda sana kusikia kwamba mtu wa Uganda amepewa tuzo kwa ajili ya kiazi.

Watu wazima hawakupendezwa vivyo hivyo. Viazi hivi vina majimaji kuliko vyeupe, na mzee aliyezoea kiazi kikavu chenye unga huona amepewa chakula cha mgonjwa. Hatukubishana. Watoto walielekezwa kuwaachia wakubwa vyeupe, na hivi vya chungwa wavipondeponde kwa ajili ya wadogo pamoja na karanga zilizosagwa, kwa kuwa mwili huipokea vitamini A vizuri zaidi inapoandamana na mafuta kidogo. Kila aliyepewa marando aliahidi kumkatia jirani mmoja vipande vya urefu wa sentimita 30 hivi kutoka ncha za mashina yake. Kiangazi kikija, marando ya akiba yapandwe karibu na kibuyu chirizi, ambapo udongo haukauki.

11 Julai: Sahani iliyosukumwa

Kati ya mambo yote ya mwaka huu, hili ndilo ambalo anayeiga mradi anapaswa kulisoma mara mbili. Baba wa mwanachama mmoja alikuja shuleni mapema, akakataa kuketi. "Mwalimu," alisema, "mtoto wangu ameisukuma sahani mbele ya mama yake. Anasema chakula hiki si kamili, mwalimu amesema. Mimi nimeshinda natifua shamba la watu kuutafuta ule muhogo." Mwalimu wa klabu alimwomba radhi kwa niaba ya shule na kumuuliza yeye angependa mtoto afundishwe nini. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mfundisheni alete kitu mezani. Maneno tunayo ya kutosha."

Chanzo kilijulikana upesi. Somo la wiki mbili zilizotangulia lilikuwa limetumia maneno "sahani kamili", na watoto walikuwa wakichora sahani, wakiigawa vipande, na kuipa alama ya vema au kosa. Mtoto aliyefundishwa kutoa alama hataacha kutoa alama akifika nyumbani. Tena mzazi aliyepewa kosa siku hiyo alikuwa amepika bugali wa muhogo na sombe, na sombe ni majani yenye protini na vitamini A, ambayo akina mama wa Kongo huyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu hadi sumu ya muhogo iishe, ujuzi ambao hakuna aliyekuwa amewafundisha shuleni. Mtoto alikuwa ameikataa sehemu bora ya mlo kwa sababu haikuwemo katika bango letu.

Michoro ya sahani yote iliondolewa ukutani. Kanuni mpya, ambayo watoto huisema kwa pamoja mwanzoni mwa kila kipindi, ina sehemu mbili: chakula cha nyumbani hakikataliwi, na kila mmoja atafute nyongeza anayoiweza. Zoezi la darasani sasa huanza na mlo ambao mtoto fulani atautaja, na wenzake hutafuta cha kuuongezea bila kugusa mfuko wa mzazi. Kwa matoke matupu walipendekeza kiganja cha karanga zilizotwangwa. Kwa posho (ugali) na maharagwe, dodo la gunia lililokatwa dakika za mwisho ili lisiive kupita kiasi. Kwa uji wa mdogo, kijiko cha unga wa mukene, yaani dagaa waliochambuliwa mchanga, wakaanikwa hadi kukauka kabisa na kutwangwa. Kwa muhogo na sombe msichana wa darasa la sita alisimama akasema, "Hapo hakuna cha kuongeza ila tunda," na darasa likamkubali.

Akina mama walialikwa Ijumaa iliyofuata, safari hii wakiwa walimu. Mama aliyesukumiwa sahani alionyesha jinsi ya kutwanga sombe, na mwanawe ndiye aliyeshika mchi.

26 Septemba: Mahindi ya uji

Wazazi wamekubali kuchangia mahindi, kila mmoja kwa kadiri ya mavuno yake, ili wanafunzi wapate kikombe cha uji mchana. Ni ushindi, ila ulikuja na hatari. Magunia ya kwanza yaliletwa mabichi na baada ya siku chache yakaanza kunuka uvundo. Mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa na huharibu ini. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo mwezi Machi 2021, na jambo hilo wafanyabiashara wa hapa hawajalisahau. Mahindi yaliyovunda tuliyachoma, ingawa mzazi aliyeyaleta aliumia kuyaona yakiteketea, na haikufaa kuwapa kuku.

Turubai lilinunuliwa kwa shilingi 40,000, na tangu siku hiyo hakuna hindi linaloanikwa juu ya udongo. Kipimo cha ukavu ni cha chumvi, na watoto wanakiendesha wenyewe: chukua chupa ya kioo safi na kavu, jaza mahindi hadi theluthi yake, tia vijiko kadhaa vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda pembeni mwa kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yarudi juani. Isipoganda, sisi huongeza siku moja ya jua kwa usalama. Jaribio la kwanza lilitudanganya kwa sababu chumvi yenyewe ilikuwa mbichi kutoka dukani na iliganda hata katika chupa isiyo na kitu. Chumvi hiyo ni shilingi 1,000.

Unga tunausaga bila kukoboa. Watoto waliulalamikia kwa rangi yake, kwa kuwa unga mweupe ndio wa heshima, lakini kanuni za mwaka 2011 zinavitaka viwanda vikubwa virutubishe unga wao, nacho kinu cha kijijini hakiongezi chochote. Kumbe kukiwa hakuna kinachoongezwa, si busara kuondoa pumba na kiini pamoja na virutubisho vyake. Karanga zilizosagwa ndizo zilizomaliza malalamiko hayo.

24 Oktoba: Chai na maharagwe

Somo hili lilikuwa jepesi kuliko yote. Chai inayonywewa pamoja na maharagwe au dodo huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo, ilhali tunda lenye vitamini C husaidia. Watoto hawana uwezo wa kununua nyama, ila kusogeza chai mbele kwa saa moja na kula pera baada ya maharagwe ni mambo yaliyo mikononi mwao. Mapera yamejaa njiani. Bibi mmoja alikataa katakata kuachana na chai yake ya mezani, na mjukuu aliambiwa na klabu amwache bibi anywe, yeye ale pera lake. Dawa ya minyoo ya Oktoba imetolewa bila shida.

28 Novemba: Hali ilivyo

Zoezi la makopo lilirudiwa wiki hii kwa kanga ileile. Kopo la sahani tupu limepungua, la kiporo limeongezeka, na la chai ya rangi halikubadilika sana. Tulipouliza kuhusu kiporo, watoto walieleza kwamba sasa huomba wawekewe kipande cha kiazi au muhogo cha usiku, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewafundisha. Tumewataka wakipashe moto vizuri kabla ya kukila.

Matumizi ya mwaka yamefika shilingi 161,000, zikibaki 19,000. Kama tungeanza upya bila bango na bila onyesho la soda, yangekuwa 121,000. Salio litanunua mbegu za dodo za Februari na miche michache ya mipapai, itakayopandwa kando ya vibuyu chirizi viwili vilivyo karibu na lango. Kazi ambayo haijapata mwenyewe ni kumwagilia marando ya akiba wakati wa likizo ndefu. Kamati ya wazazi itaijadili katika mkutano wa kufunga muhula, na jina la atakayekubali litabandikwa mlangoni mwa stoo.